Nani Ashike Mizani? Mhadhara juu ya Historia ya West Virginia



Naomba tuanze na kibati. Ni kibati cha shaba, cha mviringo, kinachotosha kwenye kiganja cha mtoto, kina tundu moja juu na namba moja katikati. Miaka mia na ushee iliyopita, mchimba makaa ya mawe wa jimbo la West Virginia, huko Marekani, aliingia mgodini alfajiri na vibati vyake mfukoni, vyote vya namba moja. Alilala ubavu chini ya ukuta wa makaa akaufukua kwa sururu, akatoboa, akatia baruti, akalipua, halafu akashika beleshi. Akishajaza kigari, alitundika kibati kimoja ndani yake. Nyumbu akakivuta kigari mpaka nje, kwenye mizani. Hapo karani wa kampuni akasoma uzito, akasoma namba, akaandika daftarini. Mchimbaji mwenyewe alikuwa bado ndani ya mlima, magoti kwenye maji, taa ya mafuta ikimulika kipajini. Alilipwa kwa tani, na hizo tani alizipima mtu ambaye yeye hamwoni, kwa mizani ambayo haioni.

Mimi nimezaliwa Njombe, kwenye viazi. Namkumbuka mnunuzi aliyekuwa akija shambani kwetu na magunia yake na sindano yake ndefu. Gunia likijaa hakulifunga. Alishonea wavu wa kamba juu yake, akaendelea kujaza, mpaka gunia likavaa kilemba. Mama akahesabiwa gunia moja. Lumbesa tunaijua sote humu ndani, sina haja ya kuieleza. Lakini huenda hamjui kwamba wachimbaji wa West Virginia nao walikuwa na lumbesa yao. Kampuni ilipigilia mbao kwenye kingo za kigari ili kibebe zaidi ya kipimo chake, na mtu aliyepakia ratili 2,500 akalipwa za 2,000. Mahali pengine tani yenyewe ndiyo iliyorefushwa: badala ya ratili 2,000, ya mchimbaji ikawa 2,240. Na karani akiona kokoto zimechanganyika na makaa, alikata alivyopenda.

Nilipoanza kusoma habari za jimbo hili nilitarajia milipuko na migomo, na kweli nimeikuta. Ila kila nilipochimba zaidi nilirudishwa palepale, kwenye mizani. Nani apime? Nani aandike? Nani ahesabu tani, na siku ya msiba nani ahesabu maiti? Nimekuja na matukio machache tu. Kuna mengine makubwa nitakayoyaacha, na wajuzi mtanisamehe.

West Virginia ni nchi ya milima tangu mwanzo hadi mwisho. Mabonde yake ni membamba kiasi kwamba mto, reli, barabara na safu moja ya nyumba vikishapita, bonde limekwisha. Mwaka 1742 msafiri aitwaye John Peter Salling alikuta makaa ya mawe kando ya mto ambao hadi leo unaitwa Coal River, yaani Mto wa Makaa. Jimbo lenyewe lilizaliwa vitani. Virginia ilijitenga na Marekani mwaka 1861 kwa ajili ya kulinda utumwa. Kaunti za milimani, ambako mashamba yalikuwa madogo na watumwa wachache, zikakataa kuifuata, zikajitenga na waliojitenga. Tarehe 20 Juni 1863 likawa jimbo la 35. Kwenye nembo yake waliandika kwa Kilatini kwamba watu wa milimani ni huru daima. Yashikeni maneno hayo.

Miaka miwili baadaye utumwa ulikuwa umekwisha, na familia moja ya watu walioachwa huru ikavuka milima kutoka Virginia kwenda Malden, kwenye bonde la Mto Kanawha, kulikokuwa na viwanda vya chumvi. Maji ya chumvi yalichemshwa kwa moto wa makaa ya mawe. Kijana mmoja wa familia hiyo, wa miaka tisa hivi, alitiwa kazini pamoja na baba yake wa kambo. Kila mfungaji chumvi alikuwa na namba yake ya kuandikwa kwenye mapipa, na namba ya baba huyo ilikuwa 18. Jioni msimamizi alipita akiandika 18 kwenye kila pipa lao. Kijana hakujua hata herufi moja, lakini aliitazama ile 18 kila siku mpaka akaijua, akawa anaweza kuichora mwenyewe. Ndiyo iliyokuwa somo lake la kwanza. Huyo ni Booker T. Washington, aliyekuja kuanzisha chuo cha Tuskegee.

Kutoka kwenye chumvi alipelekwa kwenye makaa, na mwenyewe ameandika jinsi alivyouchukia mgodi: mwendo mrefu gizani kabla ya kufika kazini, vyumba vingi ambavyo mtoto angeweza kupotea ndani yake, taa kuzimika na kukosa kiberiti. Lakini ndani ya giza hilohilo aliwasikia wachimbaji wawili wakizungumza juu ya shule ya watu weusi kule Virginia iitwayo Hampton. Akajisogeza kimyakimya karibu nao ili asipitwe na neno. Mwaka 1872 akaondoka kuitafuta.

Nakaa kidogo kwa watu hawa kwa sababu, tukitaja wachimba makaa wa Marekani, picha inayotujia ni ya Mzungu mwenye uso uliopakwa masizi. Picha hiyo ni pungufu. Mashimo ya kusini mwa West Virginia yalichimbwa na Wazungu wa milimani, Waitalia, Wahungari, Wapolandi, na maelfu ya watu weusi waliokimbia mashamba ya pamba. Mmoja wao alikuwa Carter G. Woodson. Miaka ya 1890 alichimba makaa katika Kaunti ya Fayette, kwenye korongo la Mto New. Huko kulikuwa na mchimbaji mwenzake, Oliver Jones, mzee aliyepigana katika vita vya kukomesha utumwa. Jones hakujua kusoma, lakini alikuwa amenunua vitabu vilivyoandikwa na watu weusi, na nyumba yake aliigeuza kijiwe ambako wachimbaji walikuja jioni kula matunda na aiskrimu. Alipogundua kwamba kijana Woodson anajua kusoma, akampa kazi: asome magazeti kwa sauti, naye atakula bure.

Hebu ioneni sebule hiyo. Wanaume waliotoka shimoni, mikono imechanwa na makaa, wengi wao walizaliwa utumwani, wamekaa wanasikiliza bei, kodi, uchaguzi. Mmoja anasimamisha msomaji, anaeleza kwamba vita hiyo iliyotajwa gazetini yeye alikuwapo, na mambo hayakuwa hivyo. Woodson mwenyewe aliandika baadaye kwamba hamu yake ya historia ya watu wake ilizidi sana katika nyumba hiyo. Mwaka 1912 alipata shahada ya uzamivu Harvard, na mwaka 1926 akaanzisha wiki ya historia ya watu weusi ambayo sasa Marekani wanaiadhimisha mwezi mzima wa Februari. Mimi kila Februari ikifika huikumbuka sebule ya Oliver Jones.

Reli ndiyo iliyoleta mambo yote kwa kasi. Mwaka 1873 njia ya Chesapeake and Ohio ilikamilika kukatiza milima, na miaka kumi baadaye njia nyingine ilifika kwenye tabaka la makaa la Pocahontas, makaa mazuri yenye moshi mdogo, yaliyogombewa na wenye meli na wenye viwanda vya chuma. Ardhi ilinunuliwa kwa bei ya kutupa kutoka kwa wakulima. Kampuni ikajenga mji mzima: nyumba zake, duka lake, kanisa lake, shule yake, daktari wake, na askari wake wa kukodi. Mara nyingi hata mshahara ulitolewa kwa sarafu za kampuni, zilizopokelewa kwa thamani kamili katika duka la kampuni peke yake. Kwa hiyo aliyepima makaa ndiye aliyepanga bei ya unga, na ndiye aliyekata kodi ya nyumba kabla mchimbaji hajaona senti.

Tarehe 6 Desemba 1907, saa nne na nusu asubuhi, migodi miwili iliyounganishwa ya Monongah, kaskazini mwa jimbo, ililipuka. Hesabu rasmi ilikuwa watu 362. Ndiyo ajali kubwa kuliko zote za migodini katika historia ya Marekani. Kati ya waliotajwa, 171 walikuwa Waitalia. Walioachwa ni wajane 250 hivi na watoto zaidi ya 1,000. Nasema hesabu rasmi kwa sababu wakati ule mchimbaji aliweza kuingia na mwanawe au msaidizi wake, wote wakifanya kazi kwa namba moja ya kibati. Kibati kilihesabu makaa, hakikuhesabu watu. Wangapi hasa walikufa Monongah, hakuna daftari linaloweza kujibu.

Kuna mjane mmoja wa mji huo ambaye maiti ya mumewe haikupatikana. Inasimuliwa kwamba kwa miaka 29 alikwenda kila siku mgodini, akajaza gunia makaa, akayabeba na kuyamwaga karibu na nyumba yake, hata pakawa kilima. Hakuyachoma wala hakuyauza. Alisema anampunguzia mumewe mzigo uliomlalia.

Serikali ya Marekani iliunda ofisi ya migodi mwaka 1910, lakini mpaka mwaka 1941 wakaguzi wake hawakuwa na mamlaka ya kuingia mgodini pasipo ridhaa ya mwenye mgodi. Miaka thelathini na moja mkaguzi alisubiri mlangoni.

Sasa tufike kwenye migomo. Aprili 1912 wachimbaji wa Paint Creek, na baada yao wa Cabin Creek, waliweka zana chini. Yatazameni madai yao: mizani iwekwe kila mgodi, vigari visiongezwe mbao, wachimbaji wachague mtu wao wa kusimama pale kwenye mizani akiangalia kinachoandikwa, ruhusa ya kununua nje ya duka la kampuni, walinzi wenye bunduki waondolewe, na chama cha wafanyakazi kitambuliwe. Ni watu waliotaka kuona uzito wa jasho lao kwa macho ya mtu wanayemwamini.

Kampuni zilijibu kwa kuwatoa kwenye nyumba. Mgomo ni kuvunja kazi, na kuvunja kazi ni kupoteza nyumba. Ndivyo mikataba ilivyoandikwa. Familia zikahamia kwenye mahema, majira ya baridi yakazikuta humo. Usiku wa tarehe 7 Februari 1913 treni yenye mabehewa ya chuma na bunduki za rashasha ilipita Holly Grove, taa zimezimwa, sherifu akiwa ndani, ikaimwagia risasi kambi ya mahema. Aliuawa mchimbaji Cesco Estep alipokuwa akijaribu kumsitiri mkewe mja mzito. Katika siku hizo hizo Mary Harris Jones, bibi wa Kiairishi aliyepita sabini na ambaye wachimbaji wote walimwita Mama Jones, alikamatwa na kushtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi, ilhali mahakama za kiraia zilikuwa wazi. Gavana mpya, Henry Hatfield, alimaliza mgomo kwa masharti yake mwenyewe. Hakuwapa chama walichokitaka. Lakini aliwapa haki ya kununua popote, na haki ya kuchagua mtu wao wa mizani. Mtu mmoja, amesimama kando ya karani, anasoma namba ileile.

Kusini zaidi, katika kaunti za Mingo na Logan, hata hilo halikuwapo. Tarehe 19 Mei 1920 wapelelezi wa kukodi wa Baldwin-Felts walifika Matewan kuwatoa wachimbaji kwenye nyumba. Walipokuwa wanarudi kupanda treni, mkuu wa polisi wa mji, Sid Hatfield, na meya Cabell Testerman waliwasimamisha. Ilipokwisha milio ya risasi, watu kumi walikuwa wamekufa: wapelelezi saba, wachimbaji wawili, na meya. Hatfield alishtakiwa akaachiwa. Kisha akaitwa kwa shtaka jingine katika mji wa Welch, na tarehe 1 Agosti 1921, akipanda ngazi za mahakama bila silaha, na mkewe ubavuni, alipigwa risasi na wapelelezi wa kampuni ileile, yeye na rafiki yake Ed Chambers. Hakuna aliyefungwa kwa vifo hivyo.

Mwisho wa mwezi huo wachimbaji kama 10,000 waliandamana kwenda Logan na Mingo kuwakomboa wenzao waliofungwa. Weusi, Waitalia, Wazungu wa milimani, wote wamefunga vitambaa vyekundu shingoni ili watambuane. Wengi walikuwa wamerudi punde kutoka mitaro ya Ufaransa katika vita kuu ya kwanza, wanajua kupiga mstari na kuweka doria. Kwenye Mlima Blair walikuta jeshi la sherifu Don Chafin, ambaye mshahara wa maaskari wake ulilipwa na wenye migodi. Walipigana siku kadhaa. Ndege za kukodi ziliwaangushia mabomu ya kutengenezwa kienyeji. Lilipofika jeshi la serikali kuu, wachimbaji waliweka silaha wakarudi makwao; hawakutaka kuwapiga risasi askari wa nchi waliyokuwa wameipigania. Waliokufa pale ni wangapi? Wengine wanasema kumi na sita, wengine wanakaribia mia. Hapo tena hakuna aliyehesabu.

Watu karibu 1,000 walishtakiwa, baadhi yao kwa uhaini. Kesi ya kiongozi wao, Bill Blizzard, ilihamishiwa mbali, mashariki kabisa ya jimbo, katika mji wa Charles Town. Ilisikilizwa mwaka 1922 katika mahakama ambamo mwaka 1859 John Brown alihukumiwa kwa uhaini dhidi ya Virginia, baada ya kuvamia ghala la silaha la Harpers Ferry ili kuwapa watumwa bunduki. Jengo lilikuwa limeharibiwa vitani likakarabatiwa, lakini ni lilelile. Brown alinyongwa tarehe 2 Desemba 1859, na miaka minne haikupita kabla ya ardhi hiyo kuingia katika jimbo lililozaliwa kwa kukataa kuufuata uasi wa Virginia. Sasa jimbo hilo, lenye maneno ya uhuru wa watu wa milimani kwenye nembo, likamleta mchimbaji mbele ya benchi lilelile kwa kosa lilelile. Baraza la wazee wa mahakama, wakulima wa matunda na ngano wasio na uhusiano na makaa, lilimwachia Blizzard huru. Mimi huwa nasimama hapa kila nikiisoma habari hii. Wale wakulima walipewa mizani, wakapima.

Kabla sijauacha mlima huo, niseme jambo la juzijuzi. Mwaka 2009 Mlima Blair uliingizwa katika orodha ya kitaifa ya maeneo ya kihistoria, jambo ambalo lingeleta ugumu kwa waliotaka kuukata kilele chake kuchimba makaa. Mwaka huohuo ukaondolewa, kwa maelezo kwamba wenye ardhi wengi wamepinga. Watafiti walipopitia orodha ya wapingaji walikuta majina ya watu waliokwisha kufariki. Kesi ikaenda mahakamani, na mwaka 2018 mlima ukarudishwa kwenye orodha.

Miaka ya 1930 na 1931, katika Kaunti ya Fayette, kaunti ileile ya Oliver Jones, lilichimbwa handaki la kilomita tano hivi chini ya mlima wa Hawks Nest, kupitisha maji ya kuzalisha umeme kwa kiwanda cha Union Carbide. Hili silo la makaa, lakini siwezi kuliruka. Mwamba ulikuwa wa silika karibu mtupu. Walichimba kwa vyombo vikavu, bila maji ya kuua vumbi, maana hivyo ni haraka zaidi. Wafanyakazi wengi walikuwa weusi waliotoka kusini kutafuta kazi katika mdororo mkuu wa uchumi. Walitoka handakini weupe kwa vumbi, wote rangi moja. Silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la namna hiyo, kwa kawaida huchukua miaka; pale uliua kwa miezi. Bunge la Marekani lilisikia mwaka 1936 kwamba wamekufa 476. Daktari Martin Cherniack, aliyerudia hesabu miaka hamsini baadaye, alifika 764. Baadhi yao walizikwa bila majina kwenye shamba karibu na Summersville.

Nawaomba mlikumbuke vumbi hilo, kwa sababu ndilo linalotupeleka kwenye sehemu iliyonigusa kuliko zote.

Vita vya pili vilipokwisha, mashine ziliingia migodini. Mashine moja ilichimba na kupakia kazi ya watu wengi, na maelfu wakahama kwenda Ohio na Detroit. Kaunti ya McDowell ilikuwa na watu karibu 100,000 mwaka 1950. Leo haina hata 20,000. Waliobaki kazini walivuta vumbi jingi zaidi, kwa sababu mashine husaga makaa yakawa unga. Wakiwa na miaka arobaini, hamsini, hawawezi kupanda ngazi ya kibarazani. Daktari wa kampuni aliwaambia ni pumu ya wachimbaji, jambo la kawaida, au ni sigara, au ni woga wa shimo. Akawapiga eksirei, akasema picha ni safi.

Alfajiri ya tarehe 20 Novemba 1968 mgodi namba 9 wa kampuni ya Consol, karibu na Farmington, ulilipuka. Walikuwamo 99, wakatoka 21. Baada ya siku kumi mgodi ulizibwa, wafu 78 wakiwa ndani, na 19 kati yao hawakutolewa kamwe. Safari hii Marekani nzima ilitazama moshi kwenye televisheni. Miongo minne baadaye ilijulikana kwamba mwaka 1970 mkaguzi wa serikali alikuwa ameandika kuwa kengele ya tahadhari ya feni mojawapo ilikuwa imezimwa kwa makusudi. Karatasi hiyo ililala kwenye majalada miaka yote hiyo.

Msiba ulifungua midomo. Madaktari watatu, Buff, Wells na Rasmussen, walianza kuzunguka mabondeni wakihutubia kwenye kumbi za shule. Daktari Hawey Wells alibeba vipande vya mapafu ya wachimbaji waliokufa, vimekaushwa, vyembamba. Alikiinua kimoja mbele ya watu, akakifikicha kwa vidole, na vumbi jeusi likamwagika. Hakukuwa na haja ya kutafsiri. Donald Rasmussen alikuwa mpole zaidi, na nadhani ndiye aliyefanya kazi ngumu zaidi. Katika hospitali ya Beckley aliwapandisha wachimbaji kwenye mashine ya kutembelea na kuwapima damu wakiwa wanahema. Akaonyesha kwamba mtu ambaye eksirei yake haina neno anaweza kuwa hana hewa ya kutosha mwilini. Alibadilisha kipimo, na watu walioambiwa miaka mingi kwamba ni wazima wakathibitishwa kuwa wagonjwa.

Februari 1969 mgomo ulianzia Kaunti ya Raleigh, bila amri ya viongozi wa chama, ukaenea hadi wachimbaji 40,000 na zaidi. Hawakudai hata senti ya mshahara. Walidai sheria ya fidia kwa ugonjwa wa mapafu meusi. Wakajaa kwenye ngazi za bunge la jimbo mjini Charleston, na Machi gavana akatia saini. Mwisho wa mwaka huo Rais Nixon akasaini sheria ya nchi nzima, ya kwanza kuweka ukomo wa vumbi la makaa hewani: mwanzo miligramu 3, baadaye miligramu 2 kwa kila mita ya ujazo.

Na ukomo huo ulipimwaje? Mchimbaji alivishwa pampu ndogo kiunoni, yenye mrija uliopanda hadi begani. Ilivuta hewa ileile aliyoivuta yeye, na kuipitisha kwenye kichujio chembamba. Mwisho wa zamu kichujio kilitolewa, kikapelekwa maabara, kikapimwa uzito kabla na baada. Mzee wa Paint Creek angekielewa mara moja. Kilikuwa kigari kidogo kabisa chenye namba ya mwenyewe, kilichotumwa nje kwenye mizani. Na kwa miongo mingi, katika sheria hiyohiyo, aliyechukua vipimo vingi vya pampu alikuwa kampuni yenyewe.

Sitakaa sana kwenye Buffalo Creek, ingawa inastahili jioni yake. Tarehe 26 Februari 1972 bwawa la mabaki ya makaa lilipasuka juu ya bonde hilo, katika Kaunti ya Logan, maji meusi yakaua watu 125 na kuwaacha zaidi ya 4,000 bila makazi. Kampuni ilisema ni tendo la Mungu. Jimbo lilidai dola milioni 100, gavana akakubali milioni moja siku chache kabla ya kuondoka madarakani.

Nimalizie na mlipuko wa mgodi wa Upper Big Branch, Kaunti ya Raleigh, tarehe 5 Aprili 2010, saa tisa alasiri. Walikufa 29. Wachunguzi walikuta vumbi la makaa limeachwa bila kunyunyiziwa unga wa chokaa unaozuia mlipuko kuenea. Walikuta pia madaftari ya aina mbili: moja la uzalishaji, ambamo hatari ziliandikwa kwa matumizi ya ndani, na jingine la ukaguzi, ambalo sheria inataka mkaguzi na wachimbaji walisome, ambamo hatari hizohizo hazikuandikwa. Aliyekuwa mkuu wa Massey, kampuni ya mgodi huo, Don Blankenship, alihukumiwa mwaka 2016 kifungo cha mwaka mmoja.

Timu huru ya uchunguzi ilitazama pia mapafu ya marehemu. Kwa watu 24 ilipatikana nyama ya mapafu ya kutosha kupimwa. Kati yao 17 walikuwa na ugonjwa wa mapafu meusi. Watano kati ya hao 17 hawakuwa wametimiza hata miaka kumi katika kazi ya makaa. Wote walikuwa wamefanya kazi chini ya sheria ya mwaka 1969, kwenye hewa ambayo vichujio vyake vilikuwa vikipelekwa maabara, vikapimwa, na uzito wake ukaandikwa.